Barua ya wazi kwa Baba Paroko na Baraza la Parokia: bei ya ukumbi ibandikwe mlangoni

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Baraza, Mweka Hazina na wajumbe nyote, nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara. Ukumbi wa parokia yetu hapa Malindi ulijengwa kwa michango ya jumuiya zote, hata zile za mashambani ambazo zilileta mahindi na mbuzi vikanadiwa siku ya mavuno. Leo anayetaka kuutumia lazima kwanza ajue nani wa kumpigia simu. Hilo ndilo ninaloomba liishe. Siombi ukumbi utolewe bure kwa kila anayebisha hodi, wala siombi ufungiwe wasio wetu. Naomba bei, masharti na ratiba viandikwe kwenye karatasi moja, vigongwe muhuri wa parokia, vibandikwe mlangoni, na visibadilike kwa kuangalia sura ya anayeuliza.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama. Baadhi yetu ni Wakatoliki, wengine wanasali makanisa mengine, na Waislamu kutoka Barani na Maweni ni wengi. Tunaweka akiba, tunakopeshana, tunazikana. Masika yalipotufukuza chini ya mwarobaini tunapokaa siku zote, tulikuja kuulizia ukumbi. Langoni tukapewa bei moja, ofisini nyingine, na mtu wa tatu akatupa namba yake ya simu ili tumalizane naye huko. Halafu tukaulizwa kama wanachama wote ni waumini wa hapa. Wiki ileile palikuwa na karamu ya harusi humo ndani, na nasikia haikulipiwa kitu kwa sababu bwana harusi ni mpwa wa mtu. Sitaki jina la huyo mtu. Kila mmoja wetu ana mpwa, na bila karatasi ya kumwonyesha, hata mjumbe mwadilifu kuliko wote hana pa kushika anaposhikwa mkono na dada yake.

Wafanyabiashara wa Pwani walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukumbi wetu ni mali, na daftari lake liko kwenye kichwa cha mlinzi.

Niseme mapema kwamba sizungumzii kanisa lenyewe. Najua kuna wazee wetu ambao kila wakisikia neno "kukodisha" huona altare imegeuzwa jukwaa la DJ. Kanisa lina sheria zake. Kanuni ya 1210 ya Sheria za Kanisa inasema mahali patakatifu paruhusiwe tu yale yanayohudumia ibada na uchaji, na matumizi mengine yanategemea ruhusa ya askofu, kila jambo kwa wakati wake, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali. Mwaka 1987 Roma ilitoa pia maelekezo kuhusu matamasha ya muziki makanisani, na moja ya masharti yake ni kwamba wanaoingia kusikiliza wasitozwe kiingilio. Kwa hiyo kwaya yetu ikitaka kufanya tamasha kanisani, milango iwe wazi kwa wote. Ikitaka kuuza tiketi kutafuta pesa za kinanda, ihamie ukumbini. Mpaka huo uandikwe mstari wa kwanza wa karatasi na wazee watalala usingizi.

Tatizo liko upande wa pili wa ua. Jumatatu hadi Ijumaa ukumbi una kufuli. Huku nje wavuvi wa kamati ya ufuo hukutana chini ya jua kugawana habari za nyavu na leseni. Wazazi wenye watoto wanaohitaji mazoezi ya viungo hutafuta sakafu safi na kivuli. Wanafunzi wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutafuta taa tu, taa na meza, kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja na televisheni ya baba iko humohumo. Vijana waliotoka kwenye unga, yaani dawa za kulevya, wanahitaji mahali pa kuketi na kuzungumza pasipo na muuzaji aliyesimama kwenye kona. Mji huu hauhitaji kuelezwa habari ya unga.

Na tusidhani kwamba ukumbi uliofungwa unatunzika. Kwetu hewa ya chumvi hula misumari, mabati na mota za feni, iwe feni imewashwa au haikuwashwa. Mchwa hawajali kufuli. Popo ndio kabisa, wao hupenda jengo lisiloingiwa na watu. Ukumbi unaofagiwa kila siku, madirisha yakafunguliwa, hugundulika umevuja tone la kwanza. Wetu tuligundua umevuja dari lilipokwisha kuoza, na tukaitisha harambee.

Mjini mwetu hapa, jambo hili la nyumba za ibada kukaa tupu lina historia ndefu kidogo. Mtakatifu Fransisko Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India. Katika barua aliyoandika baada ya kufika Goa anasimulia kwamba mmoja wa Waislamu waheshimiwa wa mji alimuuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu, kwa kuwa hapa, alisema mzee huyo, misikiti ilikuwa 17 na inayohudhuriwa ni 3 tu. Siku hizi misikiti ya Malindi imejaa, alhamdulilahi kwa majirani zetu. Ninachokipenda kwenye kisa hicho ni kwamba watu wawili wa dini mbili waliweza kukaa na kuulizana bila woga swali ambalo sisi hatuulizani hata ndani ya Baraza: jengo hili lina watu au halina?

Sasa bei. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye ugomvi wote.

Tuna mfano karibu. Makumbusho ya Kitaifa, wanaotunza Nguzo ya Vasco da Gama na lile kanisa dogo la Wareno, hawamtozi kila mtu kiasi kimoja. Raia ana bei yake, mkaazi yake, mgeni kutoka nje yake, na mtoto yake. Hakuna anayegombana na karani wa tiketi kwa sababu bei inajulikana kabla hujafika. Nasi tufanye hivyo. Jumuiya ndogo ndogo, VIWAWA (vijana), CWA (akina mama Wakatoliki), CMA (akina baba Wakatoliki), katekesi na vikao vya matanga vya familia za parokia wasilipe. Kikundi cha mtaa chenye cheti cha usajili kutoka ofisi ya Maendeleo ya Jamii, chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022, kilipe gharama halisi peke yake. Sherehe ya mtu binafsi ilipe bei kamili. Kampuni, taasisi za serikali na mashirika yenye bajeti ya semina walipe zaidi, na msiwaonee haya. Hoteli za ufuoni huwatoza kwa kila kichwa na chai juu yake, nao hulipa.

Gharama halisi si jambo la kukisia. Mweka Hazina achukue miezi kadhaa ya tokeni za umeme, bili za maji, mshahara wa mlinzi, sabuni na posho ya anayefagia, agawanye kwa idadi ya vipindi vya nusu siku ambavyo ukumbi ulitumika. Tuseme, kwa mfano tu, jawabu likatoka shilingi 800. Basi chama kama chetu kilipe 800 kwa kikao, si 2,000 wala si "mtakachojaliwa". Harusi ya watu 300 inaweza kulipa mara kumi ya hiyo bila uonevu, kwa maana inawasha feni zote, inajaza vyoo, inavunja viti na kumkesheza mlinzi. Neno "sadaka" liondolewe kabisa kwenye malipo ya ukumbi. Sadaka ni ya Mungu, na mtoaji ndiye anayeamua kiasi. Huduma ina bei. Tukichanganya haya mawili, tajiri atatoa kidogo kwa jina la sadaka, na maskini ataogopa kuuliza.

Ya utendaji nitayapitia haraka. Kuwe na namba ya malipo ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la parokia, na mtu yeyote akitaja simu yake binafsi, anayekodi ajue hapo hapo kwamba amepotea njia. Risiti itoke siku ileile. Dhamana ya uharibifu irudishwe ndani ya siku tatu kwa namba iliyotumwa. Viti vihesabiwe kabla na baada, pande zote mbili watie sahihi. Funguo ziwe na kitabu. Ratiba ya mwezi ibandikwe pembeni ya bei, ili mtu aone kwa macho yake kama Jumamosi imechukuliwa, asiambiwe imechukuliwa.

Kuna swali la msiba ambalo sijaona parokia nyingi zikilijibu. Mtu akifariki Alhamisi na familia inataka ukumbi Jumamosi, harusi iliyolipiwa miezi miwili iliyopita inakuwaje? Kwa maoni yangu harusi ibaki. Kikao cha chama au semina kinaweza kusogezwa na kurudishiwa pesa yote, lakini bibi harusi asifukuzwe. Familia ya marehemu iwekewe hema uani na viti vya ukumbi bila malipo. Wengine hawatakubaliana nami. Ni sawa, mradi jibu mtakaloliamua liandikwe kabla maiti haijafika mochari, maana siku ya kilio haifai kujadiliana.

Nije kwa majirani. Ukuta wetu unapakana na nyumba za Waislamu, na msikiti hauko mbali. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha nje katika maeneo ya makazi kwa saa hizo ni desibeli 35. Hiyo ni sauti ya mtu anayenong'ona. Spika mbili za DJ zilizoelekezwa uani haziwezi kuwa ndani ya kiwango hicho hata zikibembelezwa, kwa hiyo karamu ya usiku yenye muziki haiwezi kwenda bila kibali, na kibali akitafute anayekodi, nakala ibaki ofisini. Leseni ya kupiga muziki wa watu wengine ni juu yake vilevile. Mimi ningeongeza mambo mawili ambayo hayamo katika sheria: spika zizimwe wakati wa adhana, na Ramadhani isiwe na karamu za usiku zenye vipaza sauti, kwa kuwa majirani wako kwenye tarawehe. Hatutapoteza pesa nyingi. Isitoshe, wao hupunguza sauti tukiwa na maandamano ya Ijumaa Kuu, na wala hatukuwahi kuwaandikia barua.

Jiko nalo. Kama tunataka kina mama wa Kiislamu wakodi ukumbi kwa shughuli zao, kupamba bibi harusi kwa mfano, lazima wajue sufuria zimepikiwa nini. Ama tutenge vyombo, ama kila anayekodi aje na vyake na jiko likabidhiwe safi. Mapazia ya kuzuia macho ya nje ni gharama ndogo. Pombe sijui Baraza lina msimamo gani. Nimeona chupa zikipita mlango wa nyuma siku za karamu za watu wakubwa, na chama cha vijana kikanyimwa ukumbi kwa sababu walidhaniwa watakunywa. Ruhusuni kwa wote au kataeni kwa wote.

Disko matanga, yaani ngoma za usiku kwenye msiba, ikataliwe kwa herufi kubwa. Kaunti nzima ya Kilifi inajua ni wasichana wangapi walitoka kwenye disko hizo wakiacha shule, na machifu wamekuwa wakizipiga marufuku kila mwaka. Isije ikasemekana zimehamia chini ya paa la kanisa kwa jina la "kumsindikiza marehemu". Na shughuli yoyote yenye watoto iwe na watu wazima wasiopungua wawili wanaojulikana majina, milango isifungwe kwa ndani. Mji wa kitalii kama wetu hauwezi kuwa mzembe hapo.

Kuhusu wahubiri wanaotaka kukodi ukumbi kuanzisha ibada zao, nasema kwa uzito. Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, haiko mbali na hapa. Mwaka 2023 msituni mule ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watu wa Malindi ndio waliosikia harufu na ving'ora. Baada ya hayo hakuna mhudumu wa ofisi anayepaswa kumpa mhubiri ufunguo kwa sababu ana suti na Biblia. Cheti cha usajili kionekane, viongozi wake wajulikane kwa kitambulisho, mjumbe wa Baraza awe na haki ya kuingia wakati wowote. Wahubiri wa kweli hawatakasirika. Makanisa madogo yaliyopata hifadhi kwetu huko nyuma yalikuwa yakituomba tuje kusali nao.

Wanasiasa nimewaweka karibu na mwisho kwa makusudi, kwa sababu wao ndio wanaokuja. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kabla ya hapo kila mtu mwenye bango atakumbuka ghafla kwamba alibatizwa. Mnakumbuka Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto urudishwe. Watu wengi tulipiga makofi. Lakini parokia isiyo na mapato yake hurudisha mchango leo, kesho ikapiga magoti mbele ya mchangaji mwingine, maana paa linavuja hata baada ya tamko. Pesa ya ukumbi, ndogo ndogo na ya kila wiki, yenye risiti, ndiyo itakayomfanya Baba Paroko aweze kusema hapana na kulala. Mimi ningependelea ukumbi usikodishwe kwa kampeni hata kidogo. Kama Baraza litaona vingine, basi wagombea wote walipe bei ya kampuni, mapema, na mkutano wa mmoja usiwe sababu ya kumfungia mwenzake. Elimu ya mpigakura isiyo ya chama chochote hiyo ihesabiwe kama kikundi cha mtaa.

Najua swali la Mweka Hazina: je, tukianza kutoza kwa risiti, KRA, watoza kodi wa serikali, hawatatujia? Sheria ya Kodi ya Mapato ina msamaha kwa taasisi za dini, na mapato ya kupangisha yanaweza kuingia ndani yake, mradi pesa yote itumike kwa kazi za taasisi na cheti cha msamaha kiwepo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni habari nyingine. Kumbi za mikutano hazikusamehewa, na kizingiti cha kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa kuwa mali ya parokia husimamiwa na jimbo, jambo hili wahasibu wa jimbo waulizwe kwa maandishi kabla ya senti ya kwanza. Jimbo letu lina umri wa tangu mwaka 2000, swali hili si geni kwao. Kutoza bila risiti ndiko kutakakotuletea matatizo na KRA, na ndivyo tunavyofanya sasa.

Tena mapato na matumizi ya ukumbi yasomwe kanisani kila robo mwaka, kama zinavyosomwa zaka za jumuiya. Jumuiya yangu ikichelewesha zaka jina letu husomwa kwa sauti. Ukumbi nao usomwe.

Baraza linakutana mwezi ujao. Ninachoomba ni kipengele kimoja kwenye ajenda: karatasi ya mlangoni. Rasimu nimeiandika, kurasa mbili, nimeiacha kwa katibu wa parokia ndani ya bahasha ya khaki. Bei nimeziacha wazi ili Mweka Hazina ajaze baada ya hesabu yake. Viongozi wa chama chetu, Wakristo kwa Waislamu, wako tayari kuja kujibu maswali, na tumekubaliana kwamba bei yoyote itakayoandikwa humo tutailipa, hata ikiwa juu ya ile tuliyotajiwa langoni.

Wenu katika Kristo,
Muumini wa parokia na katibu wa chama cha akina mama,
Malindi